Pikipiki Iliyoponywa Moshi

Mnyambe, Newala
14 Aprili 2024

Kwako Binamu Veridiana,

Zipokee salamu za mtu ambaye umeapa hutaisikia tena sauti yake. Siku ya arobaini ya Mjomba, baba yako, ulisema mbele ya ukoo mzima kwamba nikithubutu kukupigia, simu utaitumbukiza chooni. Nimepiga hata hivyo, kila mara naambiwa hupatikani. Nikaona nisikutie hasara. Barua haina sauti, isome.

Hapa wote wazima. Mama Basil anakusalimu, anasema kanga uliyomwazima msibani ameshaifua. Basil yuko kidato cha pili na hesabu zinamkimbia kama zilivyonikimbia mimi. Mama yangu, shangazi yako Magdalena, goti linamsumbua lakini ulimi uko imara kabisa. Jogoo wangu mwekundu anazidi kunenepa na anawika saa anazozitaka yeye. Mwanao Upendo naye anaendeleaje na masomo yake ya uuguzi huko Ndanda?

Sasa jambo lenyewe. Pikipiki ya Mjomba imepata mafua kidogo. Siku ya Pasaka natoka kanisani, ikazima yenyewe njiani. Sikuigusa popote. Tangu siku hiyo kiki haikanyagiki, imeganda. Mafundi wa hapa wanasema inataka pistoni mpya, na pistoni ya pikipiki ya zamani namna ile hawajaiona dukani tangu wazaliwe. Nikakumbuka sanduku la bati la Mjomba, lile la vipuri, lililobaki kwako. Na kile kitabu chake cha ufundi cha Kijerumani chenye michoro. Naomba uangalie.

Mambo ya ukoo wetu unayajua. Tarehe 14 Septemba tunaanua tanga la Mjomba kule Chilangala, na mrithi lazima afike na mali aliyorithi, watu waione inafanya kazi. Nikifika kwa miguu, Mzee Dadi, kama mkuu wa ukoo, ataniondolea pikipiki na kumpa mdogo wangu Dastani. Dastani biashara yake ni chuma chakavu. Ameshaniambia mwenyewe, bila haya, kwamba ataikata aiuze kwa kilo.

Ukinipatia pistoni, nakuletea jogoo mwekundu, mzima na kucha zake.

Mtani wako,
Ladislaus


Masasi
9 Mei 2024

Kwako Baba Basil, Mheshimiwa Mrithi,

Barua yako nimeipata kwa Hamudi, dereva wa basi. Ilikaa wiki nzima chini ya kiti chake pamoja na dagaa wa watu. Imenuka dagaa, lakini uongo wako umenuka zaidi.

Sisi tupo. Upendo ana mitihani, amekonda, anasema hajakonda. Mvua imetutosha, kunde zimekubali. Mpe Shangazi shikamoo yangu, mwambie alichue lile goti kwa mafuta ya moto na asikusikilize wewe kwa lolote linalohusu matibabu.

Eti mafua! Baba yangu aliipanda ile pikipiki tangu mimi sijaolewa. Alikuwa bwana shamba, hakuna shamba la mikorosho kati ya Masasi na Newala ambalo hakulifikia nayo, masika na kiangazi. Haikupata mafua. Wewe umekaa nayo kuanzia Novemba hadi Pasaka tu, imekufa. Halafu "sikuigusa popote." Uliiendeshaje bila kuigusa, kwa maombi?

Sanduku unalolitaja ninalo. Siku ya kugawana nilisema wazi kwamba mimi naitaka pikipiki. Mzee Dadi akasema mali ya mjomba ni ya mpwa, na mtoto wa kike ataipandaje. Nimejifunza kuipanda nikiwa na miaka kumi na minne, barabara ya Ndanda, Baba anakimbia nyuma yangu anapiga kelele "klachi, Veri, klachi!" Wewe ulikuwepo, ulikuwa unakimbia naye. Lakini siku ile ya kugawana ulikaa kwenye mkeka ukitazama vidole vya miguu yako kama vile ndiyo umeviona mara ya kwanza. Ungesema neno moja tu, Ladislaus. Hukusema. Na sanduku mkasema ni takataka, "mwachieni huyo binti." Ninavyokuandikia nimelikalia hilo hilo.

Pistoni haimo. Katafute.

Jogoo wako namfahamu. Ana umri mkubwa kuliko pikipiki.

Veridiana


Mnyambe
20 Mei 2024

Binamu,

Nimefurahi kusikia kunde zimekubali, maana moyo wako haujakubali. Shangazi yako amelichua goti kwa mafuta ya moto, ameungua kidogo, amekutaja kwa jina.

Nimetafuta. Newala mjini wamenipa pistoni ya bodaboda, ikazama ndani ya silinda kama kidole kwenye ndoo. Jamaa mwingine akaniuzia ya pampu ya maji. Akaniapia kwa Mungu kwamba "ni zile zile." Hazikuwa zile zile hata kwa rangi. Nimefika mpaka Ndanda, nimewauliza mafundi wa barabarani mmoja mmoja. Mzee mmoja akaishika ile mbovu mkononi, akaitazama kwa huzuni, akaniuliza marehemu alikuwa nani yangu.

Ule mkeka tuuache kwanza.

Basi kama pistoni haimo, nitumie walau kitabu. Kijerumani sijui lakini michoro nitaiona. Na tafadhali usijifanye umenisusa wakati sisi ni watani. Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, tukisusiana nani atamtania nani? Nakujua lakini. Septemba utakuja tangani na visa vyako. Unakumbuka tanga la Bibi nilivyokimbia na sufuria lako la ubwabwa, ubwabwa ukiwemo ndani, ukalikomboa kwa kuku? Hukupata pa kunishitaki, kwa sababu mtani akichukua kitu tangani amechukua, unakomboa au unakikosa. Mzee Dadi mwenyewe alikuwa mbishi kukomboa koti lake, mpaka leo mtani wake analivaa kanisani. Safari hii mimi nakuja na kufuli. Nakupa taarifa mapema.

Ladislaus


Masasi
2 Juni 2024

Baba Basil,

Salamu zimefika. Pole kwa Shangazi, nilisema ya moto, sikusema ya kuchemka.

Kitabu umeomba, kitabu nakutumia. Kwa kuwa basi la Hamudi linajaa, nimekutumia ukurasa mmoja kwanza. Ni ule unaoonyesha namna ya kuosha kiti kwa sabuni na kitambaa laini. Kaoshe. Ukimaliza niandikie, nitatuma ukurasa wa kung'arisha kioo.

Na hiyo pistoni mbovu unayozunguka nayo kuonyesha watu hadi Ndanda, mbona kwangu hujaileta?

V.


Mnyambe
30 Juni 2024

Binamu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu mbili. Tumeanza kupulizia mikorosho salfa, nashinda na bomba la injini mgongoni, narudi na uso wa manjano mpaka mbwa ananibwekea. Sababu ya pili, nilikuwa na hasira.

Kiti nimekiosha. Kinang'aa. Nimekikalia jioni uani, pikipiki ikiwa maiti, Mama Basil akapita na ndoo akaniuliza tunaelekea wapi. Cheka tu.

Dastani alifika Jumapili. Hakunywa hata maji. Aliizunguka pikipiki, akaiinua upande mmoja kupima uzito, akasema "hii haikosi kilo mia," akaondoka. Veri, mimi si mtu wa kulia. Lakini ile namna alivyoiinua sikuipenda kabisa.

Ile pistoni nakutumia kwa Hamudi, nimeifunga kwenye maganda ya mahindi na kitambaa. Itazame unavyotaka. Narudia kusema: ilizima yenyewe.

Ladislaus


Masasi
8 Julai 2024

Kwako mganga wa pikipiki,

Upendo yuko likizo, anakusalimu. Yeye ndiye aliyepokea mzigo wako, akadhani umetuma mahindi.

Nimeipangusa ile pistoni nikaiweka mezani. Nikacheka mpaka Upendo akaja kuuliza kuna nini. Imekwaruzika pande zote kama imepitishwa kwenye mbuzi ya nazi. Ladislaus wee! Hiyo haikuzima yenyewe. Hiyo imekosa oili.

Hebu sikiliza, nikusimulie Pasaka yako, halafu uniambie nimekosea wapi. Mheshimiwa Mrithi anaona haya. Kila akienda kanisani kwa pikipiki ya marehemu, moshi unamfuata, kwaya inakohoa. Akaenda kwa fundi wa bodaboda akamwambia, nitibie huu moshi. Fundi hajawahi kuona injini ya namna ile. Akatazama, akaona mrija mwembamba unatoka kwenye kitenki cha oili chini ya kiti unaingia kwenye injini. Akasema aha, hapa ndipo inapokula oili! Akauziba. Na kweli moshi ukapona. Mrithi akaenda Pasaka msafi, watu wakampa heko. Kurudi, injini ikanata.

Ile pikipiki ndivyo ilivyoumbwa. Inachoma oili pamoja na petroli, bila oili inajitafuna yenyewe. Baba alikuwa akisema, siku isipotoa moshi ndiyo muogope.

Lakini kinachoniuma si hicho. Bomba lako la kupulizia mikorosho, hilo linalokufanya mbwa akubwekee, kabla hujaliwasha unalitilia nini? Petroli tupu? Thubutu! Unachanganya petroli na oili, kila msimu, kwa kipimo, kwenye chupa. Injini ni ya aina moja na ile. Na nani alikufundisha kuchanganya? Alfredi, bwana shamba, baba yangu, alikuja shambani kwako na pikipiki hiyo hiyo, akachuchumaa akakuonyesha, nawe ukamwita Mjomba mara kumi kwa dakika. Mikorosho ukaitunza. Pikipiki yake ukainyima.

Sema kweli, nami nitalifungua sanduku. Sentensi moja inatosha.

Veridiana


Mnyambe
21 Julai 2024

Binamu,

Tumeipata barua. Mama Basil ameisoma kwa sauti mezani, ingawa sikumwomba. Basil amecheka, nimemtuma maji.

Sijui unazungumzia mrija gani. Abdulazizi ni fundi mzuri, ana cheti chake ukutani, na hawezi kuziba kitu asichokijua.

Mikorosho inaendelea vizuri, maua ni mengi. Jogoo hajambo.

Ladislaus


Masasi
19 Agosti 2024

Baba Basil,

Mimi sikumtaja Abdulazizi. Sikuwa najua hata kama kuna mtu anaitwa Abdulazizi. Nimeisoma barua yako kwa majirani watatu, wote wanakusalimu, na wewe na cheti chake.

Basi, nahesabu hiyo ndiyo sentensi niliyoomba.

Sikutaka kukuandikia tena. Halafu Jumanne mdogo wako Dastani akabisha hodi kwangu. Ameshikilia mzani wa ndoano. Anasema, "Dada Veri, nasikia una sanduku la vyuma vya marehemu, na pikipiki inakuja kwangu Septemba, nataka vyote viende pamoja." Alitaka kulitundika sanduku la Baba kwenye ule mzani. Kwenye sebule yangu! Nilimtoa kwa mwiko wa ugali, na mwiko ulikuwa na ugali. Alipoondoka nikakaa chini nikalia, nakuandikia ili ujue. Nililia kwa sababu mpaka wakati ule nilikuwa nafurahi kwamba unahangaika. Nilikuwa tayari pikipiki ife ilimradi wewe uaibike. Nikajiona sina tofauti na mwenye mzani.

Kwa hiyo sikusaidii wewe. Elewa hilo.

Pistoni imo sandukuni. Ilikuwamo tangu barua yako ya kwanza, imefungwa kwenye nailoni, ya saizi inayofuata, na ringi zake. Baba aliinunua akaiweka. Ile silinda uliyomtupia Hamudi bila neno, ikiwa ndani ya kiroba cha chumvi, nimeipokea. Nimeipeleka pamoja na pistoni kwa fundi mchonga vyuma hapa Masasi, ameipanua silinda, pistoni ikaenea sawasawa. Vyote vimo ndani ya boksi, pamoja na gasketi. Sasa soma vizuri, na umsomee na huyo mwenye cheti:

Mshale ulio juu ya pistoni uelekee kwenye ekzosi. Akiugeuza, namjia mwenyewe na mwiko. Ringi kila moja ina pengo lake, na kwenye mfereji kuna kipini kidogo, pengo likae kwenye kipini. Akilazimisha, ringi inavunjika, na nyingine hakuna, dunia nzima ukitafuta. Mrija wa oili auzibue, autoe hewa mpaka oili idondoke bila mapovu. Tenki la kwanza lichanganye petroli na oili kabisa kama unavyofanya kwenye bomba lako, ili hata mrija ukichelewa injini isikauke. Baba alifanya hivyo kila alipoifungua. Mimi ndiye niliyekuwa nashika tochi.

Iendeshe polepole wiki ya kwanza. Usiende nayo kanisani kujionyesha.

V.


Mnyambe
1 Septemba 2024

Binamu Veridiana,

Imewaka!

Sitasema nani alifunga. Abdulazizi alishika spana, mimi nilishika barua yako. Kila akinyoosha mkono namwambia "ngoja," namsomea tena. Ule mshale aliutaka uende nyuma, mara mbili. Amekasirika, anasema hajawahi kufanya kazi chini ya mwanamke ambaye hata hayupo.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili ikakohoa. Ya tatu ikanguruma, na moshi, Veri, moshi wa kutosha! Mama Basil amekimbilia nguo kambani. Jogoo ameruka juu ya paa la jiko na kukataa kushuka. Mama yangu katoka nje na goti lake, akasimama mlangoni, akasema, "Huyo ni kaka yangu anapita." Kisha akarudi ndani na hatukumwona tena mpaka jioni.

Sikuwa nimewahi kuupenda ule moshi. Nakiri nimeuvuta kidogo.

Tuonane Chilangala. Kufuli nimeshanunua, ni la kichina, lakini zito.

Ladislaus


Masasi
23 Septemba 2024

Kwako uliyekuwa Mrithi,

Habari za kutembea kwa miguu? Sisi huku hatujambo, tunatembea kwa injini.

Naandika ili mambo yakae sawa, wasije wakakusimulia vibaya. Ulifika Chilangala ukinguruma, moshi nyuma mpaka kule kwenye mikorosho ya mwisho, umevaa suruali ya Krismasi. Ukoo ukasimama. Mzee Dadi akaizunguka pikipiki, akagonga tenki kwa fimbo yake, akasema mali iko hai, mrithi ameitunza. Ameitunza! Nilikuwa kwenye masufuria ya ubwabwa, nikaumwa na tumbo kwa kujizuia kucheka. Dastani alikuwa pembeni na uso wa mtu aliyenyimwa chake.

Halafu ukaingia ndani kumpa shikamoo mama mkwe wako aliyekuja tangani. Kufuli lako la kichina ukaliacha linaning'inia kwenye usukani, halijafungwa. Ufunguo umo mahali pake.

Ladislaus, mimi ni mtani wako. Tanga ni tanga. Nikaingiza mkono kwenye mkoba, nikatoa helmeti ya Baba, nikakaza kitenge, nikapiga kiki. Dastani akapiga kelele, "Mwizi! Mali ya ukoo inaibiwa!" Nikamsikia Mzee Dadi, yeye ambaye koti lake linavaliwa na mwenzie mpaka leo, akimwambia, "Kaa chini. Kwani huyo si mtani wake? Atakomboa." Watu wote wakacheka, shangazi yangu akapiga vigelegele, nami huyoo.

Nimeteremka ile milima ya Newala peke yangu, Ladislaus, nikisikia injini inapumua vizuri. Nilikuwa nazungumza na Baba njia nzima. Nilimwambia ameona, mtoto wa kike ameipanda. Helmeti ilikuwa imejaa machozi, sikuona aibu, hakukuwa na mtu.

Kuna jambo moja tu sijalielewa. Nimefika Masasi na mafuta yamebaki mengi. Kutoka Mnyambe kwenda Chilangala ni mwendo wa nusu lita. Wewe, ambaye unazima hata tochi ya jirani ili betri isiishe, tenki zima ulilijaza la kwenda wapi?

Haya, sheria za utani hazina huruma. Pikipiki iko kwangu mateka. Nataka yule jogoo mwekundu uliyeniahidi Aprili, mzima na kucha zake. Mlete kabla minada ya korosho haijaanza. Ukimleta, ukoo utasema umekomboa, na nitaitoa pikipiki kwa mikono yangu miwili, maana desturi ni desturi na mimi siwezi kuikataa. Usipomleta, basi utakuwa umeshindwa mbele ya watu, kama Mzee Dadi na koti lake.

Kwa hiyo fikiria vizuri.

Veridiana


Mnyambe
13 Oktoba 2024

Binamu Veridiana,

Tunashukuru Mungu, hapa kila mtu ana afya. Basil amepata thelathini na moja kwenye hesabu, tumesherehekea. Korosho zinadondoka, tunaokota kutwa, mgongo umekuwa wa mzee. Mama yangu anauliza kila siku kama "kaka yake" alifika salama Masasi. Nimemwambia alifika. Abdulazizi amenunua oili ya aina ile na kuipanga dukani, sasa anawaelekeza watu wazima kuhusu moshi.

Watu wananicheka sana. Nikipita wanaigiza mlio wa injini kwa mdomo. Dastani alikuja na Mzee Dadi kunisukuma nikakomboe mali ya ukoo haraka, eti naitia aibu familia. Mzee Dadi akasema neno lake lile la mpwa na mjomba. Safari hii sikutazama vidole vya miguu. Nilimwambia, "Mzee, mtani amechukua, na mwenye kukomboa ni mimi, si wewe wala Dastani. Nitakomboa nikiwa na cha kukombolea." Akaguna, akalitazama shati lake lisilo na koti juu yake.

Nilipofua ile suruali yangu ya tangani nilikuta mfukoni kadi ya umiliki wa pikipiki. Sijui ina faida gani kwangu, inajaza mfuko tu. Hamudi anayo, amekatazwa kuiweka karibu na dagaa.

Sasa kuhusu jogoo. Nilikuwa na nia nzuri. Nilimkamata Ijumaa, nikamfunga miguu, akawa tayari kwa safari ya Masasi. Lakini Jumamosi Mama Basil alikuwa na hamu ya mchuzi wa nazi.

Nyama ilikuwa ngumu kidogo, kama ulivyosema. Tumemmaliza wote.

Mtani wako,
Ladislaus